Maswali ya wasomaji: Gari zimejaa mbele ya maduka, tufanye nini?

SWALI: Asalaam alaykum. Nna duka la vitambaa Konde, Pemba, njia kuu karibu na soko. Tabu yetu ni gari. Ikifika saa 2 asubuhi pande zote mbili za njia zishajaa, daladala zinashusha abiria katikati ya lami, mteja akija na gari yake anazunguka akikosa pa kusimama anakwenda zake Wete. Wenzangu wengine wanataka tukate miembe tupate kiwanja cha kupaki, wengine wanasema kila gari itozwe pesa. Sheha katwambia tukubaliane kwanza ndio tumpelekee. Unatushauri nini? (Mfanyabiashara, Konde)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Miembe msiikate, tafadhalini sana, na hilo la pesa nalo lisubiri, mana mpaka sasa hakuna hata mmoja kati yenu anaejua zile gari ni za nani na zinakaa muda gani, nyote mnaona njia imejaa basi. Mimi naamini kabla hamjahesabu kwamba zile zinazofika mapema si za wateja, mteja aje saa 1 na nusu kufanya nini na duka limefungwa? Ni za wenye maduka wenyewe, na wasaidizi wao, na gari za kukodi zinazosubiri abiria.

Kwa hiyo hesabuni. Chagueni siku ya kawaida moja na Ijumaa moja, wapeni vijana wawili waliomaliza skuli daftari na kalamu, wapite kila nusu saa kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni, waandike namba ya gari na pahala iliposimama, hakuna zaidi. Jioni kaeni muangalie namba ipi imejirudia ukurasa mzima. Pahala pamoja panapokaa gari ya mwenye duka kwa muda wa saa 10 pangepokea wateja 20 wa nusu saa nusu saa, yani ukipaki mlangoni kwako unajizuilia wateja mwenyewe na jirani yako unamzuilia pia. Hapo ndipo pa kuanzia, na halihitaji ruhusa ya mtu, nyinyi wenyewe mkubaliane kuwa gari za wafanyabiashara zinakaa mbali kidogo, mwendo wa dakika 5 kwa miguu, na zile nafasi za mlangoni ziwe za anaekuja kununua.

Wala hili halikuanza kwetu. Mashine ya kwanza ya kulipia maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na sababu ilikuwa hiyo hiyo, watu wanaofanya kazi mjini walikuwa wanaacha gari mbele ya maduka kutwa na wanunuzi hawana pa kusimama, basi wakatoza senti 5 kwa saa. Baadae alikuja profesa mmoja huko huko Marekani, Donald Shoup, aliejishughulisha na maegesho miaka na miaka, na alisisitiza kuwa njia iko sawa pale kama asilimia 85 ya nafasi zina gari na zilizobaki ziko wazi kwa anaefika sasa hivi. Mkiwa na nafasi 20 basi 17 zina gari, 3 tupu. Kipimo hicho kichukueni, ni kizuri na mnaweza kukipima kwa macho. Ila yeye alitaka bei ndio ifanye kazi ya kuzifungua hizo nafasi, na hapo kwa Konde mimi siafiki, angalau kwa sasa, kwasababu ukitoza lazima uweke mtu wa kukata risiti, na mtu huyo anataka mshahara, na pesa za gari hizo si za kumlipa huyo mtu alafu zikabaki nyengine za kusafishia soko.

Kuna njia nyengine isiyotaka mashine wala mkusanyaji. Paris mwaka 1957 walianza kutumia kadi yenye uso wa saa, dereva akifika anaweka mshale kwenye saa aliyofika, anaiacha kadi mbele ya kioo pale inapoonekana, na kila anaepita anajua gari hii imeanza kukaa lini. Ujerumani mpaka leo wanazo. Hizo nyinyi mnazitengeneza kwa boksi la biskuti na pini, mkaandika saa zetu za Kiswahili, na kila duka likawapa wateja wake bure. Mbele ya maduka iwe saa moja tu, inatosha kununua mchele na dawa na doti ya kanga na kusalimiana na watu. Anaetaka kukaa zaidi aende kule mbali mlikopeleka gari zenu.

Jengine ni upana, na hili naliona halizungumzwi kabisa. Chukueni futi mpime lami. Tuseme ni mita 6. Gari ndogo ina upana kama mita 1.8, ikikaa moja huku na moja kule inabaki mita 2.4, na lori kubwa lina mita 2.5, basi halipiti, na gari ya wagonjwa itapita kwa kusukumana vioo tena ikiwa hakuna kitu kinachokuja mbele. Mkipaki upande mmoja tu zinabaki mita 4.2, gari ndogo mbili zinapishana taratibu. Mtasema mnapoteza nusu ya nafasi. Ndio, ila nusu iliyobaki ikiwa kila saa inabadilisha gari, itahudumia watu wengi kuliko hiyo mliyonayo sasa, na daladala zikapata pa kushushia pembeni badala ya kuwamwaga wazee katikati ya njia. Na mimi kwa daladala sina mjadala, zipewe pahala pazuri kuliko gari zote, karibu kabisa na soko, mana wateja wenu wengi wanakuja na hizo, na mama aliebeba mkungu wa ndizi na mtoto mgongoni hawezi kushushwa huko mbali.

Mpangapo msisahau msimu wa karafuu. Majamvi yanatoka, watu wanaanika mpaka ukingoni mwa njia, na gari za mizigo zinaongezeka. Upande wa maanikio usiwe upande wa kupaki, semeni mapema kabla watu hawajagombana, na karafuu iliyokanyagwa na tairi hailipiki kwa pole.

Mkishakuwa na daftari lenu na mchoro hata wa kalamu ya risasi, ndio mwende kwa sheha, nae awafikishe kwa diwani na halmashauri ya wilaya ya Micheweni. Makubaliano yenu nyinyi kwa nyinyi yanatosha kuanzia, ila kumtoza mtu faini kunataka sheria ndogo, msije mkamuweka kijana na mnyororo mkononi akafunga magurudumu ya watu.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Paje. Kwenye kona ya kwenda skuli gari za watalii zinasimama pale pale konani kutwa, watoto wakivuka hawaonekani. Nikiwaambia madereva wananijibu njia si yangu. (Mama, Paje)

JIBU: Mama yangu, una haki kabisa, na hao madereva wanajua. Mtoto wa darasa la kwanza kimo chake kinafichwa na gari ndogo tu, sembuse Hiace, anaetokea nyuma yake anaonekana akiwa ashafika katikati. Uingereza kanuni zao zinamkataza dereva kusimama ndani ya mita 10 kutoka njia panda, na sisi tunaendesha kushoto kama wao. Nenda na wazazi wenzako kwa sheha na mwalimu mkuu, si peke yako, ombeni mita hizo 10 zipakwe rangi na ziwekwe mawe makubwa, mana rangi peke yake gari inakanyaga. Na mzungumze pia na wenye hoteli, wao ndio wanaoziita hizo gari, wawape madereva pa kungojea ndani ya viwanja vyao.

SWALI: Sisi wa bodaboda hapa Makunduchi tunafukuzwa kila pahala tunaposimama. Tukae wapi? (Kijana wa boda)

JIBU: Nafasi ya gari moja, mkizipanga pikipiki kwa ubavu, inachukua 5. Ombeni nafasi 2 upande wa maduka, sio mbele ya mlango wa msikiti wala wa kituo cha afya, na wekeni msimamizi wenu wa zamu, mana mnafukuzwa zaidi kwa ile tabia ya kumkimbilia abiria wote kwa pamoja na kuziba njia.