Damu imegoma kukata baada ya mimba kuharibika? Vidonge vya majira sio dawa yake

Mwaka jana nilienda kupima ultrasaundi, mimba ya wiki 9, mapigo hamna. Daktari akasema naweza kusafishwa au nipewe dawa itoke, mimi vile vyuma naviogopa toka zamani nikachagua dawa, misoprostoli vidonge vinne vya mikrogramu 200, wengi mnaijua kama miso. Usiku ule siusimulii.

Shida ilikuja baadaye, damu haikati. Siku ya 10 pedi, siku ya 12 pedi. Wifi yangu, mtu wa kujua kila kitu, akanambia meza vidonge vya majira viwili viwili, yeye ilishamsaidia. Nikameza siku nne, kweli ikapungua, nikafurahi nikaacha, siku ya pili yake ikarudi na mabonge, bora hata ya mwanzo.

Nikarudi hospitali. Daktari hakunigombeza, akanieleza tu kwamba homoni za vidonge vya majira zinaushikilia ukuta wa ndani wa kizazi kwa muda, ukiacha ghafla unabomoka kama hedhi, ila kama kuna mabaki ya mimba homoni haiyatoi, na kizazi chenye mabaki hakijibani vizuri ndo maana damu inaendelea. Hata wanawake waliopewa vidonge hivyo mara tu baada ya kutoa mimba kwa dawa walishafuatiliwa, damu yao haikukata mapema kuliko ya wenzao. Kuvianza mapema unaruhusiwa, lakini kwa kazi yake ya kuzuia mimba, maana yai linaweza kutoka hata wiki mbili hazijaisha (hii sikuijua kabisa, nilidhani mpaka uone hedhi kwanza).

Ultrasaundi ikaonyesha mabaki kweli. Nikapewa nini? Miso tena! Nikamuuliza daktari, si ndo hiyohiyo iliyonitoa damu? Akasema inabana kizazi, hata mama aliyejifungua akivuja sana anaweza kupewa hiyohiyo.

Kwa hiyo shoga yangu, kabla hujamsikiliza wifi hesabu pedi. Damu ya kupungua taratibu wiki mbili ni kawaida, matone matone yanaweza kufika hata mwezi. Ila pedi kubwa mbili zikilowa chapachapa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyohivyo, ita usafiri uende hata kama ni saa nane usiku. Homa, harufu mbaya, kizunguzungu, nenda pia. Na usifiche eti watasema umetoa, taja dawa uliyotumia na siku uliyoanza, maana mimba iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, matibabu ya damu ni yaleyale.

Mimi kiwango cha damu mwilini kilishuka mpaka 8.6 nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu. Choo kinakuwa cheusi tii, ni hivyo vidonge tu, mimi hakuna aliyeniambia nikampigia daktari saa tano usiku nalia.