"Lean": kabla ya kutafsiri, angalia kilichofuata

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi imekupa "egemea" kwa "lean", halafu ukaenda kukutana na "lean meat" na "they leaned on him", na zote mbili zimegoma kukaa sawa. Kazi yangu ni kutafsiri ripoti na mikataba, na jioni nafundisha Kiingereza watu wazima, kwa hiyo neno hili tunajuana vizuri.

Hapo una maneno mawili, siyo moja. Kuna "lean" kitenzi na "lean" kivumishi, na kamusi nyingi za Kiingereza huyaingiza mara mbili ingawa yanaandikwa na kutamkwa sawasawa. Likikaa mbele ya nomino, hicho ni kivumishi, kuegemea sahau kabisa.

Kitenzi ndicho chenye kazi. Mwingereza hajali kama kitu kilichokwenda upande kina kinachokibeba au hakina, sisi tunajali. Mtu aliyeweka bega ukutani ameegemea, ukuta ukiondoka anadondoka. Mnara wa Pisa kule Italia nao kwa Kiingereza "leans", lakini haujaegemea chochote, umeinama wenyewe kwa sababu udongo wa upande mmoja chini yake ni laini zaidi. Ukiandika kwamba mnara umeegemea, msomaji atauliza umeegemea nini, na atakuwa na haki. Dereva wa pikipiki anayekata kona naye "leans", sisi tunasema analaza pikipiki. Anayetoa kichwa dirishani "leans out", basi huyo anachungulia nje. Ngazi nayo: "he leaned the ladder against the wall" na "the ladder leaned against the wall" zina kitenzi kilekile, ila ya kwanza kaegemeza ngazi, ya pili ngazi imeegemea. Wanafunzi wengi wanateleza hapo kwa kuwa Kiingereza hakiongezi kitu chochote kwenye kitenzi kukuonyesha tofauti.

Kuhusu "on" na "against" sina maneno mengi. Fimbo, meza, kiwiko, yaani kitu unachokitwisha uzito wako, mara nyingi huchukua "on". Ukuta, mti, mlango, kitu kilichosimama wima ukakiegemea kwa ubavu au mgongo, huchukua "against". Zinaingiliana, usikeshe nazo.

Sasa "lean on" ya mtu, hii ndiyo yenye mtego. Maana ya kwanza ni kumtegemea, ile ya "mtegemea cha nduguye hufa maskini". Hata Biblia ya zamani ya Kiingereza katika Mithali 3:5 inasema "lean not unto thine own understanding", na ya Kiswahili ikaweka "wala usizitegemee akili zako mwenyewe". Safi kabisa. Maana ya pili inakwenda kinyume chake: kumbana mtu, kumshinikiza afanye asichotaka. Chukua sentensi hii: "The manager leaned on the accountant to sign." Nimeshaiona ya aina hiyo ikitafsiriwa kuwa meneja alimtegemea mhasibu asaini. Inasomeka vizuri, haina kosa la sarufi, na imemsafisha meneja aliyekuwa anamtisha mwenzake! Katika ripoti ya uchunguzi hilo si jambo dogo.

Mimi natumia njia hii: soma kinachofuata baada ya mtu. Ikija "for" na nomino, kama "leaned on her for advice", ni kutegemea. Ikija "to" na kitenzi, mara nyingi ni shinikizo, ingawa unaweza kukuta inayohusu kutegemea tu, kwa hiyo soma na aya nzima. Sentensi yako ya "they leaned on him" imekatwa mapema mno, ndiyo maana watu humu wanakujibu kila mtu na lake.

"Lean towards" ni rahisi. "I'm leaning towards the second offer" maana yake bado hajaamua, ila moyo umelalia ofa ya pili. Usiandike "nimechagua". Kwenye siasa, gazeti "left-leaning" ni lenye kuegemea mrengo wa kushoto, na hapo egemea inarudi kazini bila shida.

Kivumishi nacho kinabeba wazo la kupungukiwa mafuta au ziada. "Lean meat" ni nyama isiyo na mafuta, mnofu mtupu. Mtu "lean" ni mwembamba mkakamavu, siyo aliyekonda kwa maradhi. "Lean years" ni miaka ya dhiki. Kwenye injini ya petroli, mchanganyiko "lean" ni wenye hewa nyingi na mafuta kidogo. Kipimo cha kawaida ni kama sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito, hewa ikizidi hapo ndiyo "lean", na ukifungua plagi ya injini inayopata mafuta kidogo mno unaikuta imepauka kuwa nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Viwandani, "lean" ni uzalishaji unaobana upotevu. Jina hilo alilitumia mtafiti John Krafcik mwaka 1988 kuelezea mfumo wa Toyota. Mabosi siku hizi wanalitumia kupamba habari ya kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo ukilikuta kwenye barua ya kampuni, soma aya mbili mbele.

Na kama umelisikia kwenye rapu ya Kimarekani, huko ni dawa ya kikohozi yenye kodeini (dawa ya maumivu inayolevya) iliyochanganywa na soda. Ni hatari, inaweza kumkatia mtu pumzi.

Wakati uliopita: Wamarekani huandika "leaned", Waingereza huandika pia "leant", na hiyo inatamkwa kama "lent" ya kukopesha. Kwenye imla sikiliza kama kuna "on" au "against" baada yake kabla hujaandika.