Mama anataka nimfiche kakangu siku ya ayie

*Shangazi, hujambo? Nina miaka 27, naishi Nyalenda hapa Kisumu na mamangu na kakangu mdogo wa miaka 23. Miaka miwili iliyopita alikuwa chuoni. Akaanza kukesha usiku kucha, akaacha kuoga, akasema watangazaji wa redio wanamtaja jina. Siku moja alivunja madirisha, vijana wa boda boda wakamfunga kamba wakampeleka hospitali. Daktari alisema ni skizofrenia. Sasa anachomwa sindano kila baada ya wiki nne na ametulia: anatengeneza baiskeli nyuma ya nyumba, anakula, anacheka. Ila mikono inamtetemeka, na redio bado anaifunika blanketi.*

*Mwezi ujao mchumba wangu na watu wao kutoka Ugunja wanaleta ayie, ile mahari ya kwanza ya kuomba kukubaliwa. Mama ameamua kakangu apelekwe kwa nyanya Yala kwa wiki mbili, na wageni waambiwe yuko Nairobi, amepata kazi. Sindano yake inaangukia humo humo. Mama anasema wakijua kwetu kuna wazimu hawatanioa. Mchumba wangu anafanya kazi Eldoret na hajui lolote. Akija, kakangu hujifungia chumbani. Nimwambie? Na je, ugonjwa huu uko kwenye damu? Utawafikia watoto wangu?*
*Dada Mtu, Nyalenda*

Mwanangu, kabla ya ndoa tuongee kalenda. Umeniambia sindano inaangukia ndani ya zile wiki mbili, lakini hukuniambia nani atampeleka kliniki. Dawa hiyo hukaa mwilini na kuisha pole pole. Akiikosa, hatabadilika kesho yake wala keshokutwa. Atakaa vizuri, mtaambiana kumbe hata hakuihitaji, kisha wiki kadhaa baadaye usingizi unaanza kupotea na redio inarudi kumtaja. Wengi hurudiwa hivyo, na nyumbani hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili kwa sababu yamepishana mbali. Tarehe ya sindano isisogezwe, hata ikiwa ni asubuhi ya ayie yenyewe.

Halafu, wageni wanatoka Ugunja na nyinyi mnamficha mtu Yala, kwenye barabara hiyo hiyo watakayopita wakija Kisumu? Huko si kumficha, ni kumtanguliza akawapokee.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliugua kama kakako. Ilikuwa Njoro, miaka ya 1980, mimi nikiwa darasa la tano. Aliwekwa kwenye chumba cha mabati nyuma ya ghala la mahindi, na mimi ndiye niliyempelekea chakula, kwa kuwa watoto hakuwa na neno nao. Siku walipokuja kumposa mama yangu mdogo, wageni waliuliza, yule kijana wa kiume yuko wapi? Nyanya akajibu hapo hapo: yuko Uganda, anafanya biashara ya samaki. Wageni wakamsifu kijana. Mabati hayazuii sauti. Jioni nilipompelekea ugali hakuugusa. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua tu: "Mimi Uganda nilienda lini?"

Sikuwa na jibu. Mtu ambaye kichwa chake kilimletea sauti za watu wasiokuwepo alikuwa ameketi gizani akisikiliza sauti ya kweli, ya mamake mzazi, ikisema yeye ndiye hayupo. Dawa ya kwanza ya maradhi haya ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, miaka thelathini kabla ya siku ile. Yeye hakuionja. Kumpeleka hospitali kungekuwa kukiri kwamba hayuko Uganda.

Kakako naye ana masikio, na miezi hii akili yake imetulia kiasi cha kuelewa vizuri kabisa kwa nini mkoba wake unafungwa wiki ya ayie.

Nikurudishe kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu nadhani daktari alilitaja jina akaita mgonjwa anayefuata. Nenda stendi ya Kisumu saa kumi na moja jioni. Makanga ishirini wanapiga kelele: Kakamega! Busia! Bondo! Wewe unayekwenda Busia unasikia Busia, hizo nyingine zinakupita. Ubongo una chujio. Kwa mwenye skizofrenia chujio hilo huharibika, na kila makanga stendi nzima anamwita yeye. Mtangazaji akisoma habari, zinamhusu. Jirani akikohoa, ametumwa. Baadaye sauti huja hata redio ikiwa imezimwa, naye huzisikia kama unavyonisikia mimi. Kemikali ya ubongo iitwayo dopamini ndiyo inayohusishwa sana na vurugu hiyo, na dawa nyingi za ugonjwa huu huipunguza makali. Ndiyo maana kubishana naye kwamba redio haimjui hakukusaidia, na sindano ikasaidia.

Kuacha kuoga, kujifungia, kukosa hamu ya lolote, hayo nayo ni ugonjwa. Msimwite mvivu. Tena sehemu hiyo hutibika kwa shida kuliko sauti, kwa hiyo ukimwona ameshika spana na kufungua gurudumu la baiskeli, jua amefanya kazi kubwa. Na lile blanketi liacheni. Mtu amepata njia ya kupunguza kelele bila kuvunja kitu, mnamdai nini zaidi?

Najua pia mtaani wamesema mengine. Wengine chira, ile laana ya kuvunja mila, wengine kuna mtu alimfanyia kitu chuoni, wengine ana watu wawili ndani yake. Hana watu wawili. Ni yeye yule mmoja. Kuhusu kuwa hatari, wagonjwa hawa hupigwa, huibiwa na kudhulumiwa mara nyingi kuliko wanavyomdhuru mtu, na yale madirisha aliyavunja baada ya kuugua muda mrefu bila tiba. Maombi endeleeni nayo, ila mchungaji atakayesema imani ya kweli huacha dawa, mpeni chai na mumsindikize hadi barabarani. Na kama kakako anaonja bangi na vijana wa pale nyuma, hilo liongeleeni mapema, maana bangi kwake ni petroli juu ya moto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama mtu mmoja katika kila watu 300 hadi 350 ana ugonjwa huu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja na laki moja kaunti ya Kisumu. Fanya hesabu, wanapita elfu tatu. Wewe unawaona wangapi? Yule wa sokoni anayeokota makaratasi, na mwingine labda. Waliobaki wako kazini wakimeza dawa zao kimya kimya, au wako Uganda.

Nakuja kwenye mikono, maana nashuku ndiyo inayomnyima mamako usingizi. Nimekaa na nyumba zenye mgonjwa, nakijua kile kikombe. Kijana anabeba chai, kikombe kinagonga kisahani ki-ki-ki-ki kutoka jikoni hadi sebuleni, na watu wote wanaangalia sakafu. Mamako anaona wazimu unatembea na chai. Kumbe huo mtetemeko mara nyingi si wa ugonjwa, ni wa dawa. Nyingi ya sindano hizi, hasa zile za zamani, hukaza misuli na kutetemesha mikono, na tatizo hilo lina tiba yake. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza kidonge kinachotuliza mtetemeko. Lakini lazima aambiwe, kwa sababu kliniki ina foleni na kakako akiulizwa atajibu "niko sawa". Nenda naye safari hii. Sema: daktari, hawezi kubeba kikombe. Sentensi hiyo fupi itafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa. Msipunguze dawa wenyewe nyumbani, wala yeye asiiache kwa aibu ya mikono.

Sasa damu. Sitakudanganya, urithi upo. Kwa mtu yeyote tu, uwezekano wa kuupata maishani ni kama mmoja katika mia. Mwenye ndugu wa tumbo moja anayeugua, unapanda hadi karibu tisa katika mia. Mpwa, yaani mtoto utakayemzaa wewe, ni kama wanne katika mia. Geuza hesabu uone: tisini na sita hawaupati. Hata kwa mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haupati, kwa hiyo damu peke yake haitoshi kuuleta. Wewe una miaka 27. Kwa wengi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini, wanawake wakichelewa kidogo kuliko wanaume, kwa hiyo umeshapita sehemu nzuri ya mlima huo. Mchumba wako akiuliza, mpe hesabu hizo hizo.

Maana utamwambia. Mwambie kabla ya ayie, si siku yenyewe, na si kwa meseji. Panda gari uende Eldoret, au aje mkae mahali ambapo anaweza kunyamaza bila watu kumtazama. Usianze na kulia wala na "kuna jambo baya". Sema: kakangu anaitwa fulani, ana ugonjwa wa skizofrenia, alilazwa mwaka fulani, anatibiwa, anaendelea vizuri, na nilikuficha kwa sababu niliogopa. Kisha nyamaza. Atakachouliza kwanza kitakuonyesha mtu unayetaka kuolewa naye. Kuna atakayeuliza "yeye mwenyewe anajisikiaje?" na kuna atakayeuliza "nani mwingine anajua?"

Anaweza kuondoka, mwanangu. Nitakuwa mwongo nikisema hawezi. Watu wetu bado huchunguza ukoo kabla ya kuoa, na wazimu uko juu kwenye orodha, pamoja na uchawi. Lakini fikiria njia ya pili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila kwenu hata kilio hakitahitajika. Kijana mmoja wa boda boda aliyeshika ile kamba atatosha, siku atakapombeba shangazi wa mume wako kutoka stendi. Hapo hutakuwa dada wa mgonjwa tena, utakuwa mke aliyedanganya, na kakako ndiye atakayelaumiwa kwa uongo ambao hakuusema.

Kwa mamako, nenda pole. Usimhutubie. Huyu ni mtu aliyeona mwanawe amefungwa kamba kama mbuzi wa sokoni huku jirani wamepanga mstari, na bila shaka kuna aliyemuuliza amekosea mila gani. Uongo wa Nairobi anautunga kwa ajili yako, akidhani ndilo blanketi lililobaki. Nenda naye kliniki siku hiyo ya sindano, asikie habari ya mikono kutoka kwa daktari na si kutoka kwako. Akisema tena "wazimu", mwambie tu kwa upole kakangu ana jina. Katiba yenyewe, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu, na wa akili akiwemo, aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Ingawa mimi katika kuishi kwangu sijamwona mama wa Nyanza aliyeshindwa hoja kwa kifungu cha katiba, basi tumia jina.

Wasomaji wengine wenye mgonjwa ambaye hajaanza tiba, msingoje avunje dirisha. Si lazima mfunge safari hadi Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi. Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi, Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti na ile ya Gilgil, na hapa Kisumu na Kakamega hospitali kubwa za rufaa hupokea wagonjwa wa akili. Anzeni na iliyo karibu nanyi, waulizeni siku ya kliniki.

Dada Mtu, kuhusu siku yenyewe. Kakako aulizwe anataka nini. Pengine hapendi kukaa na wageni thelathini, na hiyo ni sawa. Umati na kelele humchosha mwenye ugonjwa huu. Aweza kusalimia na kurudi kwenye baiskeli zake, na wageni wakiuliza, mnasema yuko nyuma, anapumzika. Lakini akitaka kuwepo, mpe kazi isiyo ya vikombe. Mpe jagi la maji ya kunawa. Jagi hushikwa kwa mikono miwili, na maji yakimwagika kidogo kando ya beseni hakuna anayehesabu. Wewe shika beseni na taulo, mpite pamoja kwa wageni mmoja mmoja, na ukifika kwa mkubwa wao sema: huyu ni kakangu.