Jibu: Nisaini mkataba wa duka Zebaki ikirudi nyuma?

Dada, umeuliza kama uahirishe kusaini mkataba wa duka la Ngara mpaka sayari ya Zebaki iache kurudi nyuma, kwa kuwa wanajimu husema huo si wakati wa kusaini mikataba. Kwanza tulia, hairudi popote. Inalizunguka jua kwa siku 88 tu, kwa hivyo hutupita kila baada ya miezi michache, na macho yanadanganyika. Ni kama matatu yako ikilipita lori pale Thika Road: lori huonekana linarudi nyuma, kumbe nalo linaenda mbele. Tofauti ni kwamba kwa Zebaki, sisi ndio tunaopitwa.

Hutokea mara 3 kwa mwaka, mara chache 4, wiki kama 3 kila mara. Ukiahirisha kila kitu ni miezi 2 umekaa tu, na kodi haingoji.

Wanajimu wenyewe husema kipindi hicho ni cha kukagua na kurekebisha. Hapo nakubaliana nao, ingawa nyota siziamini sana. Mimi nilisaini Zebaki ikienda sawasawa kabisa, na bado nikakuta mita ya stima ina deni la mpangaji aliyehama! Soma kipengele cha kupandisha kodi, uliza deposti hurudishwa lini, piga mita picha. Halafu saini, kabla duka halijachukuliwa na mtu ambaye hata hajui Zebaki ni nini.