Ushuru wa Marekani kwa China: nani hulipa?

SWALI: Marekani ikitoza bidhaa za China ushuru wa asilimia 25, ni China inayolipa? Na kwa nini mzigo usipitishwe Vietnam kukwepa?

JIBU: Hapana. Anayelipa forodhani ni mwagizaji aliyeko Marekani. Mzigo wa dola 10,000 ukiingia, yeye hutoa dola 2,500, kisha huamua: apandishe bei, apunguze faida yake, au ambane muuzaji wa China ashushe bei. Tafiti za ushuru wa mwaka 2018 zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya gharama ilibaki Marekani kwenyewe. Wanasiasa hupenda kusimulia kinyume.

China nayo huumia, ila kwa njia nyingine: oda hupungua. Ndiyo maana Julai 2018 ilijibu kwa kutoza soya ya Marekani asilimia 25, ikijua pigo litawaangukia wakulima, na wanunuzi wake wakageukia Brazil.

Kuhusu Vietnam: forodha haiangalii meli ilitia nanga wapi, huangalia bidhaa ilitengenezwa wapi. Kubadilisha lebo na boksi hakubadilishi asili yake. Lazima ifanyiwe kazi ya kuigeuza kuwa bidhaa nyingine kwa jina, sifa au matumizi. Anayedanganya hudaiwa ushuru wote, na faini juu. Kuhamishia kiwanda chenyewe Vietnam ni halali, na wengi wamefanya hivyo, ingawa Vietnam nayo yaweza kuwekewa ushuru wake.