Maswali ya Wasomaji: Wachezaji Tenisi wa Uingereza Ambao Mashabiki Hawajawasahau

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilisoma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kila yalipoanza mashindano ya Wimbledon tulijibana, wenyeji na wageni, mbele ya televisheni ya bweni letu. Nakumbuka kumwona Mwingereza mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu akimwondoa Goran Ivanisevic mashindanoni. Ninapowasimulia wanangu, wananicheka na kudai kwamba nimemchanganya na Tim Henman. Je, niliota?

JIBU: Hukuota hata kidogo, na wanao wanapaswa kukuomba radhi. Mchezaji huyo alikuwa Nick Brown, na mechi hiyo ilichezwa katika raundi ya pili mwaka 1991. Brown alishika nafasi ya 591 katika orodha ya ubora duniani, na alikuwa amerudi uwanjani baada ya kuacha ushindani kwa miaka kadhaa na kujishughulisha na ukocha. Ivanisevic alikuwa amefika nusu fainali mwaka uliotangulia, na safari hii waandaaji walimpanga wa kumi kati ya wachezaji waliotarajiwa kutamba. Brown alipoteza seti ya kwanza, kisha akashinda tatu mfululizo. Kwa kupima pengo la nafasi kati ya wachezaji hao wawili, matokeo hayo yalihesabiwa wakati ule kuwa ya kushangaza kuliko yote katika Wimbledon tangu orodha ya ubora ya wanaume ianze kutolewa mwaka 1973.

Huenda wanao wakauliza mtu wa nafasi ya 591 aliingiaje uwanjani. Mashindano ya mchezaji mmoja mmoja kwa wanaume huwa na nafasi 128. Wengi huingia kwa ubora wao, wachache hupita kwenye mechi za mchujo zinazochezwa Roehampton, na wachache zaidi hupewa nafasi ya mwaliko na waandaaji, ambao kwa kawaida huwakumbuka wenyeji. Baadhi ya Waingereza watakaotajwa katika safu hii waliwahi kupitia mlango huo wa mwaliko. Na kwa kuwa dunia ya tenisi haikosi kejeli, Ivanisevic mwenyewe alitwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 2001 akiwa mwalikwa wa nafasi ya 125.

SWALI: Nimegundua kwamba marafiki zangu Waingereza wanapokumbuka wachezaji wao wa zamani, husimulia kwa furaha zaidi mechi ambazo wachezaji hao walishindwa. Sisi tunaposhindwa hutaka mazungumzo yabadilishwe haraka. Wenzetu wana nini?

JIBU: Swali lako limenifikirisha kwa muda mrefu, kwa sababu kwa haki ushindi wa Brown ungepaswa kuwa kumbukumbu pendwa kuliko zote, lakini ukikaa na mashabiki wa rika hilo utasikia zaidi habari za Jeremy Bates, Chris Bailey na Barry Cowan. Maoni yangu ni kwamba ushindi huishia pale ulipopatikana, ilhali mechi iliyoponyoka huchezwa upya kichwani kila mwaka, na kila mara shabiki huona ule mpira mmoja ambao ungepigwa kwa namna nyingine.

Chukua kisa cha Bates. Mwaka 1992, akiwa ametimiza miaka 30, alianza kwa kumtoa Michael Chang, bingwa wa Ufaransa wa mwaka 1989, akaendelea hadi raundi ya nne na kukutana na Mfaransa Guy Forget. Katika seti ya nne alipata pointi ya ushindi. Pointi moja tu, naye angekuwa katika robo fainali. Haikuingia, Forget akasawazisha, akashinda seti ya tano. Waliotazama mechi hiyo hawahitaji kukumbushwa matokeo, na wengi wao hawakumbuki kabisa kwamba mwaka 1994 Bates huyohuyo alitwaa taji la Seoul, la kwanza la mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makuu ya wanaume kwa Mwingereza tangu Mark Cox afanye hivyo mwaka 1977. Jambo hilo huniudhi kidogo, kwa kuwa taji ni taji.

Mwaka 1993 ikawa zamu ya Bailey, kijana mrefu ambaye upasuaji wa goti ulimrudisha nyuma mara kadhaa. Alikutana katika raundi ya pili na nani, kama si Ivanisevic tena! Bailey naye alipata pointi ya ushindi, naye pia akaikosa, na seti ya tano ikaisha kwa gemu 9 kwa 7 upande wa Mkroatia.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kurudi nyuma na kukaa jukwaani mara moja tu, ningechagua mechi ya Barry Cowan ya mwaka 2001. Cowan alikuwa mchezaji wa mkono wa kushoto asiyekuwamo hata katika 200 bora, na mpinzani wake wa raundi ya pili alikuwa Pete Sampras, bingwa mara saba wa viwanja hivyo. Baada ya Sampras kuchukua seti mbili za kwanza, watu walianza kutazama saa zao. Cowan, shabiki wa Liverpool, alikuwa akivaa vipokea sauti masikioni kila wachezaji walipobadilishana pande, akisikiliza wimbo unaoimbwa na mashabiki wa klabu hiyo, kisha anarudi uwanjani kupiga mpira kama mtu aliyetumwa. Alishinda seti ya tatu, akashinda ya nne, na kwa muda Uingereza nzima ilikuwa na jina jipya mdomoni. Sampras alimaliza kazi katika seti ya tano kwa 6 kwa 3, lakini hakufika mbali: raundi ya nne alitolewa na kijana wa miaka 19 aitwaye Roger Federer. Mashabiki wa Cowan hupenda kusema kwamba mtu wao ndiye aliyeonyesha kwanza kuwa mfalme amechoka. Wanatia chumvi, bila shaka, ila si chumvi nyingi.

SWALI: Mhariri, mbona kila mnapoandika kuhusu tenisi ya Uingereza mnasahau wanawake, wakiondolewa Virginia Wade na Emma Raducanu?

JIBU: Lawama imefika, dada yangu, na ninaipokea. Mwaka 1983 Jo Durie wa Bristol alifika nusu fainali ya mashindano ya Ufaransa na nusu fainali ya mashindano ya Marekani, na mwaka 1984 akapanda hadi nafasi ya tano duniani. Hakuna Mwingereza wa kiume niliyemsimulia hapo juu aliyefikia nafasi hiyo, na bado jina lake ni geni kwa mashabiki wengi wa leo. Akiwa na Bates, alishinda Wimbledon mwaka 1987 katika mchezo wa wawili wawili mchanganyiko, na hao ndio waliokuwa Waingereza wawili wa kwanza kufanya hivyo pamoja tangu Fred Perry na Dorothy Round mwaka 1936. Mwaka 1991 wakaongeza ubingwa wa Australia. Yupo pia Sara Gomer, aliyetwaa taji la Aptos, California, mwaka 1988. Ilibidi kusubiri hadi Heather Watson aliposhinda Osaka mwaka 2012 ndipo Mwingereza mwingine wa kike akapata taji la mchezaji mmoja mmoja katika ngazi hiyo. Naye Samantha Smith alimtoa Conchita Martinez, bingwa wa mwaka 1994, alipofika raundi ya nne ya Wimbledon mwaka 1998.

Elena Baltacha anakumbukwa kwa namna tofauti. Alizaliwa Kyiv, akakulia Uingereza na Scotland alikohamia baba yake mwanasoka, na tangu akiwa na miaka 19 alijua kwamba ana ugonjwa wa ini. Mwaka 2010, licha ya ugonjwa huo, alifika nafasi ya 49 duniani, na katika mwaka huohuo alianzisha kituo cha kufundishia watoto tenisi huko Ipswich. Alistaafu Novemba 2013, akagunduliwa kuwa na saratani ya ini miezi michache baadaye, na kufariki Mei 2014 akiwa na miaka 30. Wanaomsimulia ni nadra kuanza na matokeo ya mechi. Huanza na jinsi alivyogombania kila mpira, hata ule uliokwisha kupotea.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka mingi. Je, kuna anayemkumbuka Roger Taylor?

JIBU: Wapo, mzee wetu, na wakianza kusimulia hawanyamazi. Taylor, mtoto wa mfanyakazi wa chuma wa Sheffield, alifika nusu fainali ya Wimbledon mara tatu, mwaka 1967, 1970 na 1973. Mwaka 1970 alimtoa Rod Laver, aliyekuwa hajapoteza mechi 31 mfululizo kwenye nyasi hizo. Ukimkumbuka Taylor, usimwache Mark Cox: Aprili 1968 huko Bournemouth, katika mashindano ya kwanza yaliyowaruhusu wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa kukutana, Cox alikuwa mchezaji wa ridhaa wa kwanza kumshinda wa kulipwa, na aliyemshinda alikuwa Pancho Gonzales.

SWALI: Rafiki yangu humdhihaki Alex Bogdanovic kila tunapozungumza tenisi. Nimjibu nini?

JIBU: Ni kweli kwamba Bogdanovic alialikwa Wimbledon mara nane na kutolewa raundi ya kwanza mara zote nane. Mwambie rafiki yako kwamba moja ya mechi hizo, mwaka 2004, alipangiwa Federer aliyekuwa bingwa mtetezi, na kwamba mtu aliyewahi kufika nafasi ya 108 duniani si wa kuchekwa na watu wanaochezea tenisi kwenye kochi. Akiendelea kubisha, muulize ni Mwingereza gani aliyecheza Wimbledon miaka 23 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 2014. Atataja Henman, kisha Andy Murray, na utamwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwambia kwamba ni Jamie Delgado, ambaye baadaye alikuwa katika benchi la makocha wa Murray alipochukua Wimbledon mara ya pili mwaka 2016.