Kidato cha tano, JKT au kazi? Anza na njia itakayokupita

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu hailali. Mtaani wanajua nilipita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea, baadaye nikasoma ufundi kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA, na leo umeme ndio unaolisha watoto wangu. Basi vijana wananitafuta, na wazazi wao pia. Baba anataka mwanawe aende kidato cha tano. Mjomba anasema jeshini ndiko kwenye uhakika. Rafiki aliyepewa pikipiki ya mkataba anashika hela kila jioni, na huyo ndiye anayesikilizwa kuliko wote.

Mdogo wangu, kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, uliza ipi itakupita usipoishika sasa. Njia hizi hazina subira sawa.

Isiyo na subira kabisa ni kidato cha tano. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi, ikishakupangia shule na tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, kuna tarehe ya kuripoti. Usipotokea, nafasi yako inajazwa na mwingine. Unaweza kurudi baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini kusoma fizikia au kemia ya kidato cha sita bila maabara wala mwalimu, huku unatafuta nauli, ni mateso. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa katika shule za serikali. Bado kuna godoro, sare na michango, najua, na kwa familia nyingine hayo peke yake ni mlima. Lakini kama umechaguliwa na masomo unayaweza, nenda. Hata kama ndoto yako ni jeshi, nenda.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi husahau jambo moja: ukimaliza kidato cha sita, JKT inakuita yenyewe. Mafunzo hayo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013. Utapelekwa Ruvu, Mafinga, Oljoro, Bulombora au kwingine, na bukta yako ya bluu na raba zako, uonje maisha ya kambi kwa miezi michache. Hapo utajijua kama damu yako ni ya jeshi au ulipenda gwaride la kwenye televisheni. Halafu, ukomo wa umri wa kujitolea unapanda pamoja na elimu: mwenye diploma au shahada huruhusiwa akiwa na umri mkubwa kuliko aliyeishia kidato cha nne. Jeshi lenyewe linahitaji madaktari, wahandisi na mafundi. Kusoma hakukuondoi kwenye foleni.

Mimi alama hazikunipeleka kidato cha tano, nikaenda kujitolea. Anayedhani kule ni bunduki asubuhi hadi jioni ajue mapema: Jeshi la Kujenga Taifa linajenga kweli. Mnaamshwa giza halijaondoka, mnakimbia mchakamchaka mkiimba mpaka kijasho kinaingia machoni, mnapiga kwata, halafu mnakabidhiwa majembe. Nakumbuka kupalilia mahindi kwenye shamba ambalo mwisho wa mstari hauonekani, viganja vimetoka malengelenge, na pembeni yangu yuko mtoto wa mjini ambaye hakuwahi kushika jembe. Wiki chache baadaye yeye ndiye alikuwa anatuacha nyuma. Nidhamu ile ipo kwangu mpaka leo. Mteja akiniambia saa moja, saa moja kasoro niko mlangoni kwake.

Ila sikilizeni, na wazazi msikilize: JKT haiahidi ajira. Matangazo yake husema hivyo wazi kila mara. Mkataba wa kujitolea ni miaka miwili, baadhi huchukuliwa na vyombo vya ulinzi na usalama, wengi hurudi nyumbani. Mimi nilirudi. Na mtu yeyote anayekuomba hela ili "akupenyeze" ni tapeli, hata akiwa amevaa kombati.

Ufundi ndio wenye subira. VETA nilikuta darasani waliomaliza darasa la saba, waliomaliza kidato cha nne kama mimi, na baba mmoja mwenye watoto. Kama kidato cha tano kimekukataa na kwenu hawawezi kusubiri, kwangu mimi ufundi ungetangulia jeshi, mradi umri wa kujitolea haujakaribia kukutupa. Ukienda kambini ukiwa tayari fundi bomba au fundi wa kuchomelea, una cha kukionyesha, na ukirudi una cha kukila. Kwenye umeme chukua na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Bila hiyo utabaki kuwa kibarua wa mwenye leseni, unatoboa kuta na kuvuta waya, yeye anasaini.

Bodaboda siibezi, imelisha nyumba nyingi. Lakini kabla hujasaini mkataba kaa na dereva siku nzima, umwone akipeleka hesabu kwa tajiri hata siku ya mvua, kisha umuulize amebakiwa na nini.

Wakati bado unafikiria, kuna kazi ya kufanya wiki hii. Fuata cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na hakikisha jina lililoko pale, lililoko kwenye cheti cha shule na lililoko NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, ni moja, herufi kwa herufi. JKT watakidai. Chuo watakidai. Bodi ya Mikopo watataka kiwe kimehakikiwa. Nimeona kijana mwenye alama nzuri kabisa akikosa nafasi kwa sababu shuleni aliandikwa Ramadhani na kwenye cheti Ramadhan, na kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi.